Mama ana kisukari na tezi, sasa anasahau mpaka natishika. Vinahusiana au ni umri tu?

BintiMdogo

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana hapa nilipo kichwa kimejaa. Mama yangu ana miaka 68, kisukari aina ya 2 anacho muda mrefu sana, presha pia anayo, na miaka ya nyuma tezi ya shingo ilionekana haifanyi kazi vizuri, wakatuambia kinga yake mwenyewe ndo inaishambulia, kwahiyo kila asubuhi anameza kidonge cha thairoidi. Sasa tangu mwaka jana ameanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa majina tu na mahali alipoweka funguo, nani hasahau hivyo, ila sasa hivi anakuuliza kitu unamjibu, muda si mrefu anauliza tena kama ndo mara ya kwanza.

Kilichoniondoa usingizi ni juzi hapa, nimemkuta amekaa kitandani ameshika ile kalamu ya insulini anazungusha namba za dozi, nikamuuliza mama si umeshajichoma? Akaniangalia akasema bado mwanangu, na mimi nilikuwepo kabisa wakati anajichoma ile ya kwanza. Nikaichukua taratibu, sikubishana naye.

Ndugu wanasema ni uzee tuache kumsumbua mama wa watu. Kliniki nako daktari alisema kwa haraka tu "sukari nayo inachangia" halafu akaita mgonjwa mwingine. Inachangiaje? Sukari iko kwenye damu, kumbukumbu ziko kichwani, vinakutana wapi? Na hili la kinga kushambulia mwili nalo lina mkono wake au halihusiki? Na je kuna cha kufanya au tumeshachelewa?

Sista_Wodini

Pole sana mdogo wangu. Mi ni nesi, nimefanya wodi ya wazee muda mrefu. Kabla hatujaingia kwenye hayo ya vinakutana wapi nianze na hiyo kalamu, maana hiyo ndo hatari ya leo hii.

Kuanzia sasa insulini isikae mikononi mwake. Achome mtu mmoja anayejulikana, aandike saa na dozi kwenye daftari, na kalamu ifungiwe. Akichomwa mara mbili sukari inashuka, na ubongo ndo kiungo ambacho hakivumilii sukari kushuka kabisa, una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote na akiba ya maana ya glukosi hauna. Ikishuka sana mtu anachanganyikiwa, anatoka jasho, anakuwa mkali bila sababu, anaongea vitu havieleweki, anaweza kuzimia au kudegedeka. Na kwa mzee ambaye tayari anasahau watu wanaona "leo amezidi" wanamwacha alale, kumbe sukari iko chini. Kwahiyo ukiona mama amebadilika ghafla, pima kwanza, mengine baadaye.

Halafu ujue hili ni duara baya. Watafiti wamefuatilia wagonjwa wa kisukari aina ya 2 wakakuta wale waliowahi kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka vibaya ndo wanaopata dimensia zaidi baadaye, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Na aliyeanza dimensia ndo huyohuyo anayesahau kula, anayejichoma mara mbili, anayeruka dozi. Kila upande unausukuma mwenzake.

Ndo maana mwambie daktari wake waziwazi hiyo habari ya kalamu. Wengi hawasemi wanaona aibu, wanamwambia daktari "anaendelea vizuri" halafu daktari anaona HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) iko juu anaongeza dozi! Mzee mwenye shida ya kumbukumbu hatakiwi kubanwa sukari kama kijana, mara nyingi lengo linalegezwa mpaka HbA1c chini ya 8 badala ya chini ya 7, na dawa zinazoshusha sukari kwa nguvu zinapunguzwa au kubadilishwa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada unaitwa ACCORD, watu zaidi ya 10,000, kundi moja walibanwa sukari mpaka lengo chini ya 6, mwaka 2008 sehemu hiyo ikasimamishwa mapema kwa sababu kundi lililobanwa vifo vilikuwa vingi zaidi. Na walipopimwa uwezo wa kufikiri hawakuwazidi wenzao. Mi hilo huwa nawaambia ndugu wa wagonjwa kila nikipata nafasi, kwamba sukari nzuri kwenye karatasi sio lazima iwe nzuri kwa kichwa cha mzee.

Tulia_Kwanza

Nakubaliana na sista hapo juu. Mi naongeza swali moja tu, mama anatumia metformini, vile vidonge vya kisukari? Na vitamini B12 amewahi kupimwa?

BintiMdogo

Asante dada, kalamu nimeshaichukua iko kwangu. @Tulia_Kwanza ndio, metformini anatumia tangu zamani hata kabla ya insulini. B12 sijawahi kusikia mtu akiitaja.

Tulia_Kwanza

Basi hapo pana jambo. Nafanya maabara na hii naiona mara kwa mara, kwahiyo nieleze kidogo.

Metformini ikitumika miaka mingi inapunguza ufyonzwaji wa vitamini B12. Sio kwa kila mtu, na sio sababu ya kuiacha dawa, ni dawa nzuri, ila inabidi B12 ipimwe mara kwa mara na watu wengi hawapimwi. B12 ikipungua neva zinaharibika, mtu anapata ganzi miguuni, anayumba akitembea, anasahau, hasira za ghafla. Sasa mgonjwa wa kisukari akisema miguu inakufa ganzi kila mtu anasema ni sukari, kwahiyo upungufu unajificha hapohapo miaka na miaka.

Halafu kuna upande wa kinga, na hapa ndo mama yako amenishtua. Umesema tezi yake inashambuliwa na kinga. Magonjwa haya ya kinga kujishambulia yanapenda kufuatana, na mmoja wa wenzake na ugonjwa wa tezi ni ule ambao kinga inashambulia seli za tumbo zinazotengeneza ile protini ya kubeba B12 ili ifyonzwe. Bila hiyo protini utakula vyovyote B12 haiingii vya kutosha. Kwahiyo mama yako ana milango miwili ya kukosa B12, wa dawa na wa kinga. Tafadhali msimpe vidonge vya foliki asidi peke yake kwa kuhisi tu ana upungufu wa damu, damu inaweza kupanda vizuri ikaonekana kapona wakati neva zinaendelea kuharibika chini kwa chini.

Omba wampime B12, TSH ya thairoidi (kwa mama, ikipanda maana yake thairoidi haimtoshi), damu kwa ujumla, figo, ini, chumvi za damu, na kipimo cha kaswende na VVU wala usione haya kuomba, vyote viwili vinaweza kugusa ubongo na vyote vina dawa. Na wamuulize kuhusu huzuni, mzee mwenye sonona anaweza kuonekana kabisa ana dimensia.

Kijana_wa_Neva

Nimeona swali la "vinakutana wapi" halijajibiwa bado, ngoja nijaribu maana ndo eneo ninalosomea.

Kwanza mishipa. Sukari ikikaa juu miaka mingi, pamoja na presha na kolestro, inaharibu mishipa midogo ya damu, ile ileile inayoharibika kwenye macho na figo. Ubongoni nako ipo imejaa. Inakuwa migumu, inaziba, vinatokea viharusi vidogodogo ambavyo mgonjwa hata havijui, hakupooza wala nini, ila kila kimoja kinakata sehemu kidogo ya njia za mawasiliano. Hii ndo dimensia ya mishipa, na uhusiano wake na kisukari ndo ulio wazi kuliko zote. Utafiti wa Rotterdam kule Uholanzi, matokeo ya mwaka 1999, ulikuta wenye kisukari hatari yao ya dimensia ni karibu mara mbili ya wasio nacho. Uliofuatilia watumishi wa serikali Uingereza, unaitwa Whitehall II, ukaonyesha mwaka 2021 kwamba kadri kisukari kinavyoanza mapema maishani ndivyo hatari inavyopanda, kwahiyo suala sio umepata kisukari tu, ni ubongo umekaa nacho muda gani.

Pili ni insulini yenyewe. Tumezoea kuisema kama homoni ya kuingiza sukari kwenye misuli, lakini seli za ubongo nazo zina vipokezi vya insulini na vinatumika kwenye mambo ya kumbukumbu. Mtu mwenye usugu wa insulini, yaani mwili hauiitikii vizuri, ubongo wake nao unaanza kutoisikia vizuri. Halafu kuna kimeng'enya kimoja kinachovunja insulini, na kimeng'enya hichohicho kinavunja pia amiloidi, ile protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia inayowapata wengi zaidi. Kuna wanaosema insulini ikiwa nyingi damuni muda wote kimeng'enya kinashughulika nayo na amiloidi inabaki. Hiyo ni dhana, ina ushahidi wa maabara zaidi kuliko wa wagonjwa, lakini kwangu ni moja ya sehemu nzuri za kuona kisukari na Alzheimer vikigusana kwenye kitu kimoja.

Tatu, kinga. Ubongo una seli zake za kinga zinaitwa maikroglia, kazi yake ni kama ya mfagiaji wa soko, zinazunguka zinaokota uchafu, seli zilizokufa, vipande vya protini. Zikiwa na afya zinasaidia sana. Shida inaanza zikichochewa muda mrefu bila kupumzika, zinaanza kumwaga kemikali zinazoumiza neva zilizo hai na hata kula sehemu za kuunganisha neva ambazo hazikutakiwa kuliwa. Na kinachozichochea sio lazima kiwe ubongoni. Mafuta mengi ya tumboni yanatoa kemikali za inflamesheni, yaani za kuiwasha kinga, kwenye damu siku zote, maradhi ya muda mrefu ya kinga nayo hivyohivyo, na ule ukuta unaochuja kati ya damu na ubongo ukishachakazwa na sukari na presha unapitisha vitu visivyotakiwa. Kwahiyo ukiuliza ni kinga au ni sukari mi nasema ni njia mbili zinazoingia barabara moja.

Na ushahidi kwamba kinga ni mhusika na sio mtazamaji umetoka kwenye jeni. Kuna jeni inaitwa TREM2 inayofanya kazi kwenye maikroglia, mwaka 2012 mwishoni ikagundulika kwamba wenye badiliko fulani adimu kwenye jeni hiyo wana hatari kubwa zaidi ya Alzheimer. Na ile jeni maarufu kuliko zote, APOE aina ya e4, iliyojulikana tangu 1993, kazi yake ya msingi ni kusafirisha mafuta. Ukiziangalia hizo mbili, moja ni ya kinga na nyingine ni ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia mafuta na sukari. Jeni haziongei kwa bahati.

SukariSumu

Sasa mbona mnazunguka, wenzetu huko wanaiita Alzheimer kisukari aina ya tatu. Mwondoe mama sukari na wanga wote, dawa aache polepole, atarudi kama zamani. Na ampe dawa za kupunguza inflamesheni, zipo kila duka la dawa.

Kijana_wa_Neva

Ndugu hapana, na nasema kwa nguvu maana mama wa mtu anachoma insulini. Ukimwondolea wanga wote bila daktari kupunguza insulini sukari inashuka usiku mmoja tu, soma alichoandika sista hapo juu.

Hilo jina la aina ya tatu lilitolewa na watafiti mwaka 2005 kueleza mambo ya insulini waliyoyaona ubongoni, sio ugonjwa unaoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa. Wapo wenye Alzheimer ambao hawajawahi kuwa na kisukari maisha yao yote, na wapo wenye kisukari miaka mingi vichwa vyao viko timamu. Kuchangia sio kusababisha.

Na hiyo ya dawa za inflamesheni ilishajaribiwa. Marekani kulikuwa na jaribio linaitwa ADAPT, wazee wakapewa naproxen au celecoxib wakitegemea zitazuia Alzheimer, mwaka 2004 dawa zikasimamishwa kwa wasiwasi wa moyo, na walipoendelea kufuatiliwa hazikuzuia. Kwa mzee wa kisukari na presha dawa hizo zikitumika ovyo ni figo na tumbo vinaumia. Hata hizi dawa mpya za kisukari na kupunguza uzito, semaglutide, watu walikuwa na matumaini makubwa sana, mimi mmojawapo, ila Novemba 2025 matokeo ya majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa wa Alzheimer ya mwanzo yakatangazwa, haikupunguza kasi ya ugonjwa. Inauma lakini ndo hali. Inaonekana ukiingilia wakati ugonjwa umeshaanza kuonekana ni tofauti na kuingilia miaka 20 kabla.

Mtoto_wa_Kwanza

Naomba niingize kitu kwa anayesoma huu uzi baadaye, maana wa kwetu ulikuwa tofauti. Baba alibadilika ndani ya wiki chache, sio miaka. Wiki hii anasahau, inayofuata anaona watu ambao hawapo, halafu halali, halafu mkono ukaanza kurukaruka wenyewe. Na sisi tukaambiwa dimensia ya uzee. Dada yangu akakataa kabisa kuondoka mpaka apelekwe kwa daktari wa neva, wakachukua maji ya uti wa mgongo, ikaonekana kinga yake inashambulia ubongo moja kwa moja. Akapewa steroidi za mshipa, dawa za kutuliza kinga. Hakurudi asilimia mia lakini anatujua wote, anaoga mwenyewe, anabishana kuhusu habari za redio.

Nikaja kusoma kumbe mojawapo ya magonjwa ya kundi hili, lile la kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, lilielezwa mwaka 2007 tu. Sio la wazee peke yao, wanawake vijana ndo wanalipata sana na wengi wanapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili kwanza. Sasa ya mama yako haifanani maana imeenda polepole, ila jamani ikitokea haraka, msikubali neno uzee.

Sista_Wodini

Hapo kasi ndo ya kuangalia. Miaka, fikiria dimensia ya kawaida. Wiki, fikiria vitu kama hivyo vya baba yake. Siku au masaa, mzee alikuwa mzima jana leo hajui yuko wapi, hiyo tafuta maambukizi, mkojo, mapafu, malaria kama ipo mnakoishi, sukari, dawa mpya. Kwa wazee mwili ukipambana na maambukizi ubongo unavurugika hata homa isipokuwepo. Inatibika, lakini isichukuliwe kirahisi maana waliopitia hali hiyo hatari yao ya dimensia baadaye inapanda.

BintiMdogo

Nimerudi na majibu. B12 iko chini sana, wameanza kumchoma sindano. TSH imepanda, daktari akauliza dozi anameza vizuri? Nikasema ndio kila asubuhi, tulivyofika nyumbani nikamwaga vidonge kitandani nikahesabu, vimebaki vingi mno kwa tarehe aliyopewa. Yani alikuwa anasahau kumeza dawa ambayo akiikosa anazidi kusahau. Nimelia peke yangu jikoni halafu nikaenda kununua lile boksi la dawa lenye siku za wiki.

Daktari wa safari hii alitusikiliza. Insulini amepunguza na kurahisisha, mara moja kwa siku. Amesema kipimo cha kumbukumbu atarudia baada ya miezi kadhaa hivi vitu vikikaa sawa, na hakuahidi kwamba itakuwa imeisha, anasema inawezekana mishipa nayo ina tatizo lake. Nimemshukuru kwa kusema ukweli.

Mi mwenyewe sasa naogopa. Nina miaka 39, sukari niliambiwa iko mpakani. Nifanye nini ambacho kimethibitishwa kweli, sio stori?

Kijana_wa_Neva

Hongera kwa kuhesabu vidonge dada, hicho hakuna mashine ingekiona.

Kwako wewe, umri huo ndo wenye faida. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, wakakadiria kwamba kwa nadharia karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inaweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa. Kisukari kimo, presha, unene wa umri wa kati, kolestro mbaya, sigara, kutofanya mazoezi, pombe nyingi, na hata masikio, usikivu ukipungua usikae nao. Ukiniuliza nianze na ipi nasema presha, maana ndo yenye jaribio linaloeleweka. SPRINT MIND, 2019, waliolenga ile namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 walipata upungufu wa mwanzo wa kumbukumbu kwa asilimia 19 pungufu kuliko waliolenga chini ya 140. Kwa dimensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitisha, lakini mwelekeo ulikuwa huohuo. Na Ufini walichukua wazee 1,260 wenye hatari, nusu wakapewa mpango wa chakula, mazoezi, kuchezesha akili na kufuatilia presha na sukari kwa miaka miwili, vipimo vya kufikiri vikawa bora kuliko wenzao. Hakuna kitu cha ajabu hapo ni kazi ya kila siku. Sukari ya mpakani kwa wengi inarudi kuwa ya kawaida, usiisubiri ivuke.

Upande wa kinga jipya linalonifurahisha ni chanjo ya mkanda wa jeshi. Wales walianza kuitoa kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933, waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kabisa, kwahiyo watafiti wakapata makundi mawili yanayofanana yaliyotenganishwa na tarehe tu. Matokeo yalitoka 2025, waliochanjwa dimensia ilipungua kama asilimia 20 katika miaka 7. Kama ni kwa sababu virusi vinalala au kinga inachangamshwa vizuri, bado wanatafuta. Kwa mama, muulize daktari kama inapatikana na inamfaa.

BintiMdogo

Nimeandika yote. Swali dogo la mwisho, mama huwa anameza kidonge cha mafua cha kumsaidia usingizi, cha siku nyingi tu, hicho nacho kina shida?

Sista_Wodini

Kina shida, nimefurahi umeuliza. Zile dawa za mafua na aleji za zamani zinazosinzisha zinazuia kemikali hasa ambayo ubongo unaitumia kukumbuka, kwa mzee zinaleta kuchanganyikiwa. Baadhi ya dawa za kibofu na za usingizi nazo ni hivyohivyo. Usimkatishe kila kitu mwenyewe, kusanya dawa zote zilizopo chumbani kwake, za kliniki, za dukani, alizopewa na jirani, hata zilizoisha muda, tia kwenye mfuko mmoja uende nazo siku ya kliniki umwage mezani kwa daktari azipitie moja moja.